Kamera za shamba refu la Muheza: shaba imeshindwa, je, faiba itaweza?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina shamba la michungwa na ng'ombe wa maziwa huku Muheza, ekari 60. Shamba ni refu. Kutoka lango la barabarani hadi nyumbani ni mita 300, nyumbani hadi ghala na zizi mita 420, na kutoka hapo hadi pampu ya mtoni mita 380. Mwaka jana nilifungiwa kamera nane kwa waya wa kawaida wa neti. Za nyumbani ziko sawa. Za langoni huonekana vizuri mchana, ikifika saa moja jioni zinakatika, zinarudi, zinakatika. Masika radi ikapiga, ikaniulia swichi mbili na kinasa cha picha. Sasa nataka kamera 18, hadi kule mtoni. Fundi mmoja ananiambia nivute faiba. Mwingine anasema faiba ni ya makampuni ya simu, mkulima ataiweza wapi. Nimsikilize nani? Na waya wangu wa zamani niufanyeje?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Msikilize huyo wa kwanza, ila mwulize maswali kadhaa kabla hujampa hela ya kianzio, na maswali yenyewe utayakuta humu ndani. Watu wengi wakisikia faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba mawasiliano kwa mwanga, wanafikiria kasi ya intaneti. Kwako wewe kasi si hoja. Hoja ni umbali na radi, halafu kuna ya tatu ambayo naona hakuna aliyekutajia: umeme wa kule mwisho. Uzi wenyewe wa kioo ndio kitu chepesi kuliko vyote katika kazi hii. Pesa yako itaishia kwenye mtaro na kwenye umeme, na kazi ikiharibika, mara nyingi huharibikia humohumo.

Nianze na kamera za langoni, maana ugonjwa wake umeueleza vizuri kuliko mafundi wengi wanavyoweza. Waya wa neti wa shaba umepangiwa mita 100, kutoka swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za kamera) hadi kamera. Lango lako liko mita 300, kwa hiyo nakisia kuna visanduku viwili vya swichi vimefungwa njiani, labda juu ya michungwa, na vinalishwa umeme na waya uleule unaobeba picha. Mchana kamera inakula wati nne hivi. Giza likiingia inawasha taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, na kuanza kula nane, hata kumi. Umeme unaosafiri kwenye waya mrefu mwembamba huchoka njiani: mzigo ukipanda, volti zinashuka, kamera inazima. Ikizima, mzigo umeondoka, volti zinapanda, kamera inawaka, inakuta giza, inawasha taa, inazima. Ndiyo hiyo kamata-achia unayoiona kuanzia saa moja.

Fanya jaribio moja dogo. Chukua kipande cha waya ule, menya ganda, toa uzi mmoja uukwangue kwa wembe. Ukiona weupe chini ya ile rangi nyekundu, uliuziwa alumini iliyopakwa shaba. Madukani imejaa, na boksi limeandikwa Cat 6 (daraja la waya wa neti) kama lile la shaba tupu; tofauti utaihisi mkononi, boksi ni jepesi. Upinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya ule wa shaba, na ukiupinda mara nne tano unakatika. Kwa simu ya mezani utavumilika. Kwa kulisha kamera umeme, hapana.

Sasa radi. Radi haikulazimika kupiga kamera wala nyumba yako. Ikipiga mti au nguzo jirani, ardhi ya pale inapanda maelfu ya volti kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, na ardhi ya nyumbani inakuwa bado iko chini. Wewe umeziunganisha ardhi hizo mbili kwa waya wa shaba. Mkondo utapita hapo kwenda kusawazisha, na njia yake ni matundu ya swichi zako na ya kinasa. Ndiyo maana kinasa kilichokaa kabatini sebuleni, hakijaona tone la mvua, kimekufa pamoja na swichi ya shambani. Hata ungenunua vifaa ghali namna gani, ukiviunganisha kwa mita 300 za shaba juu ya ardhi ya Muheza wakati wa masika, utanunua tena.

Kioo hakipitishi umeme. Hapo ndipo faiba inapojilipia. Lango likipigwa, litaumia lango peke yake.

Na huyo fundi wa pili usimlaumu sana, miaka ishirini iliyopita angekuwa sahihi. Wazo la kutumia kioo kubeba mawasiliano lilipata nguvu mwaka 1966, Charles Kao na mwenzake George Hockham walipoonyesha kwamba tatizo si kioo, ni uchafu uliomo ndani ya kioo. Ukisafishwa hadi upotevu uwe chini ya desibeli 20 kwa kilomita, kazi inawezekana. Desibeli 20 maana yake mwanga uliobaki baada ya kilomita moja ni asilimia moja tu. Faiba ya leo hupoteza kama desibeli 0.35 kwa kilomita, yaani asilimia 92 ya mwanga inafika. Kao alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam. Tangu hapo faiba imepita kando ya barabara zetu kuu, mafundi wa kuunga wamejaa mjini, na bei ya kebo imeshuka hadi mita moja ya faiba nyembamba inashindana na mita moja ya waya mzuri wa shaba.

Kuna aina mbili utakazotajiwa. Maltimodi ina kiini kinene, inafaa ndani ya jengo, na kwa kasi ya gigabiti hufika kama mita 550. Singomodi ina kiini cha maikroni tisa (unywele wako ni mnene mara saba au nane zaidi) na kwa moduli za kawaida kabisa (vipachiko vya swichi vinavyotuma na kupokea mwanga) hufika kilomita 10. Chukua singomodi, hata langoni kwenye mita 300. Ndiyo wanayotumia makampuni ya simu, kwa hiyo ndiyo inayopatikana, ndiyo mafundi waliyoizoea, na mwaka kesho ukitaka kuvusha kamera ng'ambo ya mto hutabadilisha kitu. Hilo ni swali lako la kwanza kwa fundi: singomodi au maltimodi? Akisema zote sawa, mshukuru, tafuta mwingine.

Mpangilio. Nyumba yako imekaa kati, basi kinasa kikae hapohapo na kebo mbili zitoke kwake. Moja iende langoni. Pima mita 350 ukiweka na ziada. Nyingine iende ghalani mpaka mtoni, karibu mita 900 na ziada yake, iwe kebo moja ya nyuzi 12. Hapa pana jambo ambalo mafundi wa haraka hulikosea. Ghalani wataikata kebo yote, waichomeke kwenye swichi ya ghala, halafu kutoka swichi hiyo waende mtoni. Inafanya kazi, ila siku umeme wa ghala ukizimika, au mtu akichomoa swichi achaji simu, pampu nayo inapofuka. Mwambie nyuzi nne tu zikatwe ziingie ghalani, nane zipite moja kwa moja hadi mtoni bila kugusa kifaa chochote. Mwanga wa mtoni utapita mlangoni pa ghala bila kubisha hodi. Nyuzi zina rangi kwa mpangilio unaojulikana: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, na bluu-kijani mwishoni. Nne za kwanza ghalani, zilizobaki mtoni. Andika kwenye daftari, wewe ni mwalimu, sina haja ya kukufundisha kutunza daftari.

Utasikia pia habari za kutengeneza mzunguko, ili kebo ikikatika upande mmoja picha zipite upande wa pili. Kwenye kiwanda au shamba la mraba naupenda sana mpango huo. Kwako, shamba refu na jembamba, njia zote mbili zitalala kwenye mtaro mmoja, na jembe likikata moja limekata zote. Usilipie.

Unahitaji nyuzi mbili kwa kila kituo ukitumia moduli za kawaida, au uzi mmoja ukitumia zile za njia mbili, ambazo upande mmoja hutuma mwanga wa nanomita 1310 na mwingine 1550. Za njia mbili huuzwa kwa jozi, A na B. Nimeshapigiwa simu za usiku na mafundi wenye uzi mzima, konekta (kichwa cha kuchomekea uzi) safi, na taa ya swichi imegoma kuwaka. Kumbe wamefunga A huku na A kule. Zote mbili zinaongea kwa rangi moja na hakuna anayesikiliza.

Nikuambie kosa langu mwenyewe ili usilirudie. Kazi yangu ya tatu au ya nne, shamba moja huko Handeni, nilinunua kebo yenye koti la chuma, nikijua kwamba panya na fuko wataumiza meno. Nilijisifu. Nikaivuta, nikaingiza chuma chake hadi ndani ya kabati la swichi pande zote mbili, nikafunga vizuri kwa skrubu. Masika yakaja. Nilipofungua kabati nilikuta harufu ya plastiki iliyoungua na alama nyeusi kutoka kwenye lile koti hadi kwenye swichi. Kioo kilikuwa kizima kabisa. Radi ilipita kwenye chuma nilichokilipia mwenyewe, nikairudisha shaba kwa jina lingine.

Kwa hiyo swali la pili: kebo yako ina chuma? Nunua isiyo na chuma hata kidogo, ambayo kinga yake ni nyuzi za glasi zilizofumwa kuzunguka na kiini cha plastiki ngumu badala ya waya. Panya hawapendi kutafuna nyuzi za glasi. Ikiwa iliyopo sokoni ni ya chuma tu, basi koti likatwe nje kabla ya kuingia kabatini, liache pengo la hewa, na upande mmoja tu uunganishwe na nondo ya ethi, ile inayozamishwa ardhini. Hasara ya kebo isiyo na chuma ni moja: ikishafukiwa, hakuna kifaa cha kutafutia vyuma kitakachoiona. Ndipo mtaro unapodai adabu.

Mtaro sasa, na hapa tukae kidogo.

Kina kiwe sentimita 60 kwenye njia za kawaida na 90 mahali trekta inapovuka au maji ya mvua yanapopita. Vibarua wanalipwa kwa mita, na wanalipwa haraka zaidi mtaro ukiwa mfupi kimo, kwa hiyo kata fimbo yenye alama ya sentimita 60 utembee nayo. Usilipe kwa kuangalia, chomeka fimbo. Nimeona mitaro ya sentimita 60 langoni ambayo kufika katikati ya shamba imekuwa 25, na mpalilio wa kwanza ukaimaliza. Usichimbe katikati ya mistari ya michungwa, utagombana na mizizi leo na mizizi itagombana na bomba baadaye. Fuata ukingo wa barabara ya shamba.

Ndani lala bomba la plastiki nyeusi la maji, lile gumu la milimita 40, si lile la kijivu la waya wa nyumba, ambalo hupasuka likikanyagwa. Chini yake mchanga kidogo, juu yake udongo usio na mawe, ukifika nusu ya kimo tandaza utepe wa tahadhari wa rangi kali, kisha malizia kufukia. Ule utepe hauzuii jembe. Kazi yake ni kumfanya mchimbaji wa mwaka 2035 asimame na kuita mtu. Weka chemba ya tofali au ya zege kila mita 100 hivi na kila penye kona, na katika kila chemba acha kebo mizunguko miwili mitatu, mita tano hivi. Miisho yote mitatu acha mita 15. Siku kebo ikikatwa utavuta ile ziada, utaunga mahali pamoja, na maisha yataendelea. Bila ziada utaunga mara mbili na kununua kipande.

Kona ziwe za kupinda polepole. Faiba haipendi kukunjwa kama mkeka: mwanga hutoka kwenye kona kali kama maji yanavyomwagika kwenye bomba lililopasuka. Wakati wa kuivuta, nusu kipenyo cha duara la kona kisipungue mara ishirini ya unene wa kebo. Ya milimita 10, basi sentimita 20. Kamba ya kuvutia iwe ya nailoni, na nyingine ibaki ndani ya bomba kwa siku za usoni. Asiache waya wa chuma humo, tumeshakubaliana. Midomo ya mabomba izibwe kwa povu au tambara lenye lami, la sivyo siafu, matope na vyura watahamia, na siku ya kuvuta kebo ya pili utawakuta wenye nyumba.

Kwa kuwa kebo haionekani kwa kifaa, simika vijiti vya zege juu ya mtaro kila mita 50, vimeandikwa FAIBA, na chora ramani. Andika pia HAPA SI SHABA, kwa herufi kubwa. Nina jirani wa kazi ambaye kebo yake ilikatwa vipande usiku na watu waliotaka shaba. Waliacha vipande vyote palepale baada ya kuona kioo. Hasara ilikuwa yake, na wezi hawakupata hata nauli.

Chimba kabla ya Machi. Mtaro uliojaa maji ya masika ni mtaro wa kuchimbwa mara mbili.

Wanaokushauri upitishe juu ya nguzo wana hoja ya bei, na kuna kebo nzuri ya kujibeba isiyo na chuma. Ila matawi, lori la machungwa lililojaza kupita kiasi, na moto wa kuchoma magugu vyote viko juu ya ardhi. Redio nazo, zile sahani ndogo za kurushiana, ni nafuu kuliko vyote na kwa mtu mwenye uwanja mtupu ningemshauri hizo bila aibu. Wewe una miti inayokua.

Kazi ya kuunga usiifanye mwenyewe. Mwite fundi anayefanya kazi za makampuni ya intaneti, aje na mashine yake, ni kazi ya siku moja. Lakini simama umwangalie. Anamenya uzi hadi kubaki kioo kitupu, chembamba hata kwenye kivuli hukioni vizuri. Anakipangusa kwa karatasi laini yenye spiriti mpaka kinalia kidogo, kwi, kama glasi iliyooshwa. Anakikata kwa kikatio maalumu, kichwa kiwe bapa kabisa. Anaweka vichwa viwili kwenye mashine, anafunga kifuniko, na kwenye kioo cha mashine utaviona viwili vimekuzwa kama mabomba, vinasogeleana vyenyewe, vinapanga mstari, halafu cheche moja, na vimekuwa kimoja. Mashine inaandika upotevu: 0.02, 0.03. Ikiandika zaidi ya 0.1 arudie. Vile vipande vya kioo vilivyobaki avitie kwenye chupa yenye kifuniko. Vikianguka kwenye mkeka vitaingia kwenye kisigino cha mjukuu na hutaviona. Na yeyote asichungulie mdomo wa faiba iliyowashwa. Mwanga wake hauonekani kwa jicho, lakini jicho unalidhuru.

Swali la tatu ni la mwisho wa kazi: nionyeshe vipimo. Awashe chanzo cha mwanga upande mmoja, apime upande wa pili, aandike kila uzi. Mtoni hesabu ni hivi: kebo karibu kilomita 0.9, desibeli 0.4, viungo vitatu, 0.3, konekta mbili, 1. Jumla haifiki 2. Moduli za kilomita 10 zinavumilia upotevu wa kama desibeli 10, kwa hiyo una nafasi kubwa. Nafasi hiyo ndiyo inayowafanya mafundi wabaya waondoke na hela: uzi uliokunjwa vibaya unapoteza desibeli 8, taa inawaka, picha inakuja, mnapeana mikono. Miezi sita baadaye vumbi kidogo linaingia, na picha imekwenda. Akikuletea 8 palipotakiwa 2, mwambie arudi atafute kona au konekta chafu. Mara nyingi ni konekta chafu. Au amechanganya konekta ya kijani na ya bluu: ya kijani kichwa chake kimekatwa mshazari, ya bluu kimenyooka, na vikikutana vinaacha pengo.

Umeme. Faiba haibebi umeme wa kamera, kumbuka hilo, na mwulize fundi swali la nne: kamera za mtoni zitakula nini? Kila kituo kitakuwa na swichi ndogo yenye tundu la faiba, nayo inalisha kamera za jirani kwa waya wa shaba mfupi, mita 20, 40, usizidi 100. Nyumbani na ghalani kuna umeme wa TANESCO, sawa, weka UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) na kinga ya radi kwenye njia ya umeme, kwa sababu radi itakayokuja na nyaya za umeme faiba haiizuii. Kibanda cha mlinzi langoni nadhani kinapata umeme kutoka nyumbani. Kinga pande zote mbili, na nondo ya ethi pale pale kibandani.

Mtoni pampu yako, kama wengi wa huko, nadhani ni ya dizeli, basi umeme hakuna. Kamera tatu na swichi, wastani wati 23 usiku na mchana. Mtu atakuambia tumia waya wa umeme kutoka ghalani, volti 12, kwenye mtaro huohuo. Piga hesabu: waya wa milimita 2.5 za mraba una upinzani wa omu 7.4 kwa kilomita, kwenda na kurudi mita 760, omu 5.6. Wati 23 kwa volti 12 ni karibu ampea 2. Zidisha: volti 11 zinapotelea njiani. Kamera itabaki na volti moja. Ukipeleka volti 54 inawezekana, zinapotea kama mbili na nusu tu. Lakini umeshafukia tena mita 380 za shaba kutoka mtoni, na radi inakushukuru.

Ningekuwa wewe, mto ningeuacha uwe kisiwa. Sola yake, betri yake, na kinachokiunganisha na dunia ni kioo tu. Wati 23 kwa saa 24 ni wati-saa 552. Kwa siku za mawingu ya masika hesabu saa nne za jua lenye nguvu, ongeza upotevu, paneli ya wati 250. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280, itakuvusha siku mbili bila jua. Paneli ifungwe juu ya nguzo ndefu kwa boliti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, betri ndani ya sanduku lililomiminiwa zege, na kamera moja kati ya zile tatu iangalie hiyo nguzo. Pampu haitembei peke yake usiku, ila betri ya lithiamu ina miguu.

Mengine ni mepesi. Kamera ya megapikseli nne kwa mfumo wa kubana picha wa H.265 hutumia kama megabiti nne kwa sekunde, 18 zote 72, na faiba yako inabeba 1,000. Unapotakiwa kufikiria ni diski: kila kamera inajaza gigabaiti 43 kwa siku, zote 18 karibu 780. Ukitaka siku 14 unahitaji terabaiti 11. Za zizini na ghalani ziweke zirekodi panapokuwa na mwendo tu, utapunguza sana. Ng'ombe nao wana mwendo, lakini usiku wanalala.

Na faiba hii si intaneti. Kamera zitarekodi hata bando likiisha. Ukitaka kuangalia ukiwa Tanga mjini au mwanao akiwa Dar, unahitaji laini ya intaneti nyumbani tu, na uangalie ile picha nyepesi ya pili ambayo kila kamera hutoa; picha nzito ibaki kwenye kinasa.

Kwa kuwa una wafanyakazi, bandika kibao kinachosema kuna kamera, na usielekeze kamera kwenye vyumba vyao wala bafuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu kwenye kinasa chako ni taarifa yake.

Waya wako wa zamani. Usiuache shambani umeunganishwa ncha hata moja. Radi haijui kwamba umestaafishwa. Chomoa kwenye swichi zote, uvute, ukate vile vipande vilivyochubuka. Ule wembe ukikuonyesha kuwa ni shaba tupu, vipande vya mita 30 vitakufaa kutoka swichi ya ghala hadi kamera za zizini. Ukikuonyesha weupe, michungwa yako michanga inahitaji kufungwa kwenye vijiti kabla ya upepo wa kusi, na waya ule ni laini, hauchubui ganda.